Gari la Umeme na Mgunda Mkali

Mtu akikuambia kwamba gari lake la umeme huenda kilometa 470 kwa betri moja iliyojaa, bado hajakuambia kama litamfikisha Tabora. Idadi hiyo ya kilometa hupatikana katika upimaji wa Ulaya, ambamo gari huwekwa juu ya mashine ya kupimia ndani ya jengo na kuendeshwa kwa ratiba maalumu. Barabara ya Tabora haimo katika jengo hilo. Hiyo huanzia usawa wa bahari na kupanda hadi kama meta 1,200. Hupita katika joto, katika vijiji vingi vyenye vibao vya kupunguza mwendo, na katika mapori marefu yenye watu wachache.

Waliopita njia hiyo kwa miguu katika karne ya 19 walikuwa na swali moja kila asubuhi: tumebeba kiasi gani, na tutapata wapi kingine? Katika makala haya tutaona jinsi gari la umeme linavyofanya kazi, jinsi linavyoendeshwa na kutunzwa, na kwa nini swali hilo la wapagazi ndilo litakaloamua kama gari la namna hii ni chombo cha watu wa bara au ni pambo la mji wa pwani.

Mzigo wa frasila mbili

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Tabora ilikuwa njia panda: waliokwenda Karagwe na Buganda waligeukia kaskazini, na waliokwenda Katanga walielekea kusini-magharibi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilogramu 32.

Safari ya Bagamoyo hadi Tabora ilichukua karibu miezi mitatu. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, ambacho tunaweza kukikadiria kuwa robo tatu ya kilogramu. Sasa tupige hesabu. Kwa siku 90 mpagazi angekula kilogramu 67 na nusu, uzito unaozidi mara mbili mzigo wake mzima. Kwa hiyo mpagazi ambaye angejaribu kubeba chakula chake chote asingebeba pembe wala nguo hata moja, na bado asingefika. Msafara uliwezekana kwa sababu moja tu: njiani walikuwapo watu waliolima, waliochimba visima, na waliokuwa tayari kuuza.

Mahali palipokosa watu hao paliogopwa. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali. Katika Kinyamwezi mgunda ni shamba. Jina hilo basi ni kama kusema shamba kali. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857. Ukali wake haukutokana na milima, maana nchi ile ni tambarare kwa sehemu kubwa. Ulitokana na uhaba wa maji na chakula baina ya kambi na kambi. Stanley alipopita mwaka 1871 mambo yalikuwa yamebadilika: watu, hasa Wakimbu, walikuwa wamefyeka sehemu za pori, na visima na mashamba vilikuwa vimeongezeka. Urefu wa pori ulikuwa ule ule, lakini ukali ulipungua kwa sababu vituo viliongezeka.

Gari lenyewe

Tuchukue mfano wa gari moja linalojulikana, Jaguar I-PACE. Ni gari la daraja la juu, lenye kimo cha kati baina ya saluni na Land Rover, la aina ambayo wauzaji huiita krosova. Lilianza kuuzwa mwaka 2018, likachaguliwa kuwa gari bora la dunia la mwaka 2019, na utengenezaji wake ulikoma mwaka 2024. Anayelitaka leo hana budi kununua lililokwisha kutumika, na hiyo ndiyo hali ya magari mengi yanayofika katika nchi yetu.

Chini ya sakafu yake imelazwa betri ya lithiamu yenye vijiseli 432. Betri hiyo huhifadhi kilowati-saa 90, na katika hizo karibu 85 ndizo zinazotumika. Kilowati-saa moja ndiyo ile ambayo katika mita za LUKU tunaiita uniti. Mota ziko mbili, moja kwa magurudumu ya mbele na moja kwa ya nyuma. Hakuna klachi, hakuna plagi za kuwasha moto, wala bomba la moshi.

Betri hiyo ina uzito wa karibu kilogramu 600. Ukiigawa kwa mzigo wa frasila mbili utapata mizigo 19 ya wapagazi. Kila mzigo una uniti nne na nusu hivi. Tukikadiria kwamba katika barabara kuu gari hutumia uniti 22 kwa kilometa 100, mzigo mmoja wa mpagazi utalipeleka gari kilometa 20, umbali ambao haukuzidi sana mwendo wa siku moja wa msafara.

Linganisha na petroli. Kilogramu 32 za petroli ni kama lita 43; gari linalokwenda kilometa 10 kwa lita litafika kilometa 430. Ingawaje injini ya petroli hugeuza kuwa mwendo karibu robo tu ya nishati inayopewa, na mota ya umeme hugeuza karibu sehemu tisa katika kumi, bado mzigo wa petroli unakwenda mbali zaidi ya mara 20. Kisa chake ni kwamba kilogramu moja ya petroli ina nishati inayozidi mara 80 ile ya kilogramu moja ya betri.

Wengine husema dawa ni kuongeza betri. Lakini hapo tunarudi kwa mpagazi na posho yake. Kila kilogramu ya betri inayoongezwa ni uzito unaopaswa kusukumwa, na uzito huo nao unakula umeme. Gari la namna hii, likiwa na dereva, abiria na mizigo, lina kilogramu kama 2,400. Kuliinua kutoka usawa wa bahari hadi meta 1,200 kunahitaji nishati ifuatayo:

2,400 × 9.8 × 1,200 = juli 28,224,000, yaani karibu uniti 8.

Uniti nane ni sawa na kilometa 36 za mwendo wa tambarare. Sehemu ya deni hilo hulipwa wakati wa kurudi pwani, kama tutakavyoona.

Kuendesha

Dereva aliyezoea injini hushangazwa kwanza na ukimya, kisha na wepesi. Mota ya umeme hutoa kani yake kubwa tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, hivyo gari hili zito hufikia kilometa 100 kwa saa katika muda wa sekunde 4.8. Ukimya una hatari yake katika mji wenye baiskeli nyingi na watoto wanaotembea kwenda shule. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2019, sheria za Ulaya zimedai kwamba magari mapya ya aina hii yatoe sauti maalumu yakienda polepole.

Jambo la pili ni breki. Dereva akiondoa mguu kwenye pedali ya mwendo, mota hugeuka kuwa jenereta: magurudumu huizungusha, nayo hurudisha umeme kwenye betri huku ikipunguza mwendo. Anayetoka Dodoma hushuka hadi uwanda wa Bahi, ndani ya Bonde la Ufa, na huko hukusanya umeme kidogo. Kisha hupanda ukingo wa bonde kuelekea Manyoni, mwinuko wa karibu meta 400, na hutumia uniti mbili na nusu kwa kupanda peke yake. Kinachorudishwa wakati wa kushuka ni pungufu ya kilichotumika wakati wa kupanda, maana kila mageuzi ya nishati hupoteza kiasi kama joto.

Tatu ni mwendo. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Gari linalokwenda kilometa 110 kwa saa hukutana na ukinzani unaokaribia mara mbili ya ule wa kilometa 80 kwa saa. Hewa ya Tabora, kwa kuwa mji uko juu, ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam, lakini nafuu hiyo yote huliwa na dereva mwenye haraka. Wapagazi walijua kwamba anayekimbia asubuhi hulala njiani jioni.

Nne ni barabara yenyewe. Juu ya lami nzuri, kani ya msuguano wa magurudumu ni kama sehemu moja katika mia ya uzito wa gari. Juu ya changarawe lililolegea inaweza kufika sehemu tatu. Kwa gari letu tofauti hiyo ni ya uniti 6 na nusu dhidi ya uniti 19 na nusu katika kila kilometa 100. Ndiyo kusema kila kilometa ya lami iliyojengwa ni sawa na betri iliyoongezwa katika kila gari linalopita.

Kutoka Dodoma hadi Tabora

Tufanye safari kwa karatasi. Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilometa 190, na Morogoro hadi Dodoma karibu 260. Jumla yake, 450, inapita uwezo wa betri yetu kwa hesabu ya uniti 22, kwa hiyo dereva atapumzika Morogoro na kuchaji. Kutoka Dodoma hadi Manyoni ni kama kilometa 125, na Manyoni hadi Tabora, kwa barabara ya Itigi, Chaya na Nyahua, ni kama 260. Hizo ni kilometa 385, ambazo zinahitaji karibu uniti 85: betri yote, bila kuhesabu mwinuko wa Bahi, wala kipoza hewa, wala njia ya mchepuko. Dereva atakayeondoka Dodoma na betri iliyojaa ataishiwa karibu na mlango wa mji anaouendea.

Itigi iko karibu kilometa 165 kutoka Dodoma. Akifika hapo, gari limetumia kama uniti 39 na limebakiwa na 46. Mbele yake kuna kilometa 220 za nchi ile ile ya Mgunda Mkali ya kale, zinazohitaji uniti 48. Dereva mwangalifu atataka pia akiba ya uniti 15 au zaidi. Kwa hiyo anahitaji kuongeza uniti 18 tu.

Uniti hizo 18 zitapatikana kwa muda gani? Soketi ya nyumbani ya volti 230, ikitumiwa kwa ampia 10, hutoa kilowati 2.3, dereva atangoja karibu saa nane, yaani atalala Itigi kama msafara ulivyolala kambini. Chaja kubwa ya mkondo mnyofu yenye kilowati 50 itazitoa kwa dakika zipatazo 22, muda wa kunywa chai na kunyoosha miguu. Nguvu ya chaja hiyo ni kama ya mashine mbili au tatu za kusaga nafaka zikifanya kazi pamoja. Mji unaoweza kusaga unga wake kwa umeme hauko mbali na uwezo wa kulisha gari. Inabidi tu pawepo transfoma ya kutosha, nyaya zilizopimwa vizuri, na mtu mwenye kuona faida ya kukiendesha kituo.

Umeme wenyewe nao umeongezeka. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia katika gridi mwaka 2024, na mwaka 2025 yote ilikuwa imekamilika. Chaja moja ya kilowati 50 ni tone katika bahari hiyo. Ugumu umo katika kulifikisha tone hilo mahali panapotakiwa.

Kumiliki

Kwa matumizi ya mjini hofu ya betri karibu hutoweka. Mwalimu anayekaa Tabora mjini na kwenda kazini, sokoni, na hata Kwihara kutazama tembe alimokaa Livingstone, hatapita kilometa 40 kwa siku. Kilometa hizo ni uniti zipatazo tisa, ambazo soketi ya kawaida huzirudisha kwa muda wa saa nne za usiku. Lakini soketi inayotoa ampia 10 kwa saa nyingi mfululizo huchemka ikiwa nyaya ni nyembamba au zimelegea, kwa kuwa joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo. Chaja istahili kupewa waya wake, fyuzi yake, na waya wa ardhini uliopimwa na fundi.

Joto ni adui wa betri za lithiamu. Betri inayoachwa juani ikiwa imejaa kabisa huzeeka upesi kuliko ile iliyowekwa kivulini ikiwa na nusu au robo tatu. Tabora ina bahati ya miembe mingi. Mwenye gari na aegeshe chini yake, ajaze betri yote siku ya safari tu. Watengenezaji wengi hudhamini betri kwa miaka minane au kilometa 160,000, kwa sharti kwamba isipungue chini ya asilimia 70 ya uwezo wake wa awali. Betri yetu ya uniti 85 ikifikia asilimia hiyo itabaki na uniti 60, na kilometa zake zitashuka hadi 270. Anayenunua gari lililotumika aulize kwanza afya ya betri kabla ya kusifu rangi. Aulize pia kama gari limewahi kuitwa kwa ukaguzi: mwaka 2023, kwa mfano, baadhi ya magari ya I-PACE yaliyouzwa Marekani yaliitwa kwa sababu ya hatari ya betri kushika moto.

Kuhusu matengenezo, hakuna oili ya injini ya kubadilisha, na breki hudumu kwa kuwa mota hufanya sehemu kubwa ya kazi yake. Matairi huisha mapema kwa sababu ya uzito. Umeme wa betri kuu ni wa karibu volti 390 za mkondo mnyofu, unaoweza kuua. Nyaya zake hupakwa rangi ya machungwa ili kuonya. Fundi hodari wa dizeli asiye na mafunzo haya asizifungue. Hapo pana kazi kubwa kwa vyuo vya ufundi stadi, na pana ajira kwa vijana ambao leo wako kidato cha tatu.

Madini ya njia ile ile

Ndani ya betri tunayoizungumzia mna nikeli, manganizi na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, katika nchi ya Katanga, ambako Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyeuawa mwaka 1891, alijijengea utawala kwa biashara ya shaba na pembe. Shaba ya Katanga ilifika Tabora mabegani mwa watu. Nikeli nayo imo Kabanga, Ngara, na mwaka 2021 serikali ilitoa leseni ya uchimbaji mkubwa huko. Magharibi mwa Tanzania na jirani zake basi wamo ndani ya gari hili, watake wasitake. Lililobaki kuamuliwa ni kama gari hilo litaweza kupita kwao.

Vituo kwanza

Mifano ya Afrika Mashariki inafundisha. Mwaka 2011 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha kwamba gari la umeme laweza kuundwa hapa, walipotoa Kiira EV. Oktoba 2019, Volkswagen ilipopeleka Kigali magari yake ya kwanza ya e-Golf, ilishirikiana na Siemens kuweka mahali pa kuchajia wakati huo huo. Gari na kituo vilifika pamoja.

Reli nayo imelitatua fumbo la uzito kwa njia nyingine. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zikichota umeme wa volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu. Treni hiyo haibebi posho yake. Njia nzima ni kituo. Mkataba wa kuendeleza reli hiyo kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021. Gari la barabarani haliwezi kufungwa kwenye waya, kwa hiyo litategemea vituo, na vituo vichache vilivyopangwa vizuri hushinda betri kubwa. Chaja moja Manyoni au Itigi inalipa kila gari linalopita kilometa ambazo vinginevyo kila mwenye gari angelazimika kuzinunua kwa betri nzito zaidi, na bei hiyo wachache tu ndio wanaoimudu.

Wakumbukwe Wakimbu waliofyeka pori. Walilima, wakachimba visima, wakauza. Biashara kubwa ya njia ile ilisimama juu ya jembe lao.

Zoezi la darasani

1. Gari letu linahitaji kama uniti 25 kwa kilometa 100, pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji. Gari la petroli linahitaji lita 10. Tumia bei iliyo kwenye risiti ya LUKU ya nyumbani kwenu na bei ya petroli ya kituo kilicho karibu, ukalinganishe gharama.

2. Tafuta mwinuko wa shule yako kutoka usawa wa bahari. Kokotoa uniti zinazohitajika kuliinua gari la kilogramu 2,400 hadi hapo.

3. Chora ramani ya barabara kutoka Dodoma hadi Kigoma kupitia Tabora. Umepewa fedha za vituo vitatu tu vya kuchajia. Onyesha utakapoviweka, kisha utetee uamuzi wako mbele ya darasa kwa hesabu.